Kunyamaza Si Kukiri

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi na midomo miwili, akamwezesha kusema na akamwezesha kunyamaza, na kwa yote mawili atamwuliza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Imekuwa desturi ya watu, mtu akiulizwa jambo asijibu, kusema: "Amenyamaza, basi amekubali." Neno hili hulisema mnunuzi sokoni, na mume nyumbani, na wazee barazani, wala hapana asimamaye kuuliza limetoka wapi na lafika wapi. Lau lingekuwa ni neno la bei ya mchele tu, jambo lingekuwa jepesi. Lakini katika nchi ya Wasukuma, kutoka Sola na Maswa mpaka Bariadi na vijiji vyote vya Simiyu, neno hili limeingia mahali ambapo roho za watu hutoka. Kwa hiyo yapasa litazamwe kwa elimu, kwanza katika lugha, kisha katika Sheria, ili ijulikane kimya ni kitu gani, na ni kimya kipi kimlaumucho mtu mbele ya Mola wake.

ASILI YA NENO

Vijana wasomao Kiingereza hulijua neno mum kwa maana ya mama. Lakini Waingereza wana neno jingine la matamshi hayo hayo, na maana yake ni kimya. Mtu akitaka siri isitoke humwambia mwenziwe kuwa neno la kusema ni mum, yaani asiseme kitu. Maneno hayo mawili yasichanganywe, kila moja lina njia yake.

Neno hili la kimya asili yake ni midomo yenyewe. Mtu akifunga midomo kisha akatoa sauti, isikikayo ni m peke yake. Waingereza waliichukua sauti hiyo wakaifanya neno. Neno lao la heshima, silence, walilipokea kwa njia ya Kifaransa kutoka Kilatini, na hilo laeleza kukosekana kwa sauti. Lakini mum yaeleza midomo iliyofungwa. Limeandikwa tangu karne ya 14, katika utungo mrefu wa William Langland uitwao Piers Plowman. Na mahali linapotajwa, mtungaji awalaumu wanasheria wa zama zake, kwamba hata sauti hiyo ndogo ya midomo haipatikani kwao mpaka fedha zionekane. Basi tazama, ewe msomaji: tangu zamani hizo neno la kimya lilikuwa karibu na fedha, na watu walijua kwamba kuna kinywa kifungwacho kwa haya, na kuna kinywa kifungwacho kwa kungoja malipo.

Kiswahili nacho chaijua sauti hiyo. Kumumunya kitu ni kukigeuza kinywani hali midomo imefumbwa, na mtu asiyetaka kusema wazi huambiwa kuwa amumunya maneno. Ama tendo lenyewe huitwa kunyamaza, na hilo latokana na kunyamaa. Kunyamaa ni hali ya kuwa kimya. Kunyamaza ni kuifanya hali hiyo iwe, kama vile kujaa ni hali ya mtungi, na kujaza ni tendo la mtu aliyeushika. Kwa hiyo anyamazaye ametenda jambo, na kila tendo lina nia yake, na kwa nia hupimwa.

Waarabu wamelipambanua zaidi. Sukut ni kuacha kusema kwa mtu awezaye kusema. Samt ni pana kuliko hilo, hata kitu kisicho na uwezo wa kusema huitwa samit; na katika mali, dhahabu na fedha ziliitwa mali iliyo kimya, na wanyama wa kufugwa wakaitwa mali isemayo. Insat ni kunyamaza kwa ajili ya kusikiliza, na ndiyo iliyoamrishwa Qur'ani inaposomwa na khatibu anapohutubu siku ya Ijumaa. Na kitman ni kuficha lile lililo wajibu kulitoa. Mwenye kuwatazama watu wanne hawa kwa mbali atawaona wote midomo yao imefungwa, naye hawezi kujua ni yupi mwenye kupumzika, na yupi mwenye kusikiliza, na yupi mwenye kuficha. Midomo ikifungwa, moyo haukufunguliwa. Hili ndilo fundisho la kwanza, na lote lifuatalo limejengwa juu yake.

MAS'ALA YENYEWE

Na uchukuliwe mfano wa ajuza mmoja, mjane, akaaye katika kijiji cha pande hizo. Mume wake amefariki, watoto wake wamekwenda mbali, na shamba lake ni zuri. Macho yake ni mekundu, kwa kuwa tangu ujana wake amepika kwa samadi kavu ya ng'ombe na kwa miti ya pamba, maana kuni ni haba katika nchi hiyo iliyokatwa misitu, na moshi umeyala macho. Mtoto wa jirani akafa kwa homa. Jirani akaenda kwa mpiga ramli, naye akamwambia kuwa mwuaji ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Yule ajuza akaitwa barazani, akaulizwa mbele ya watu: "Wewe ndiwe?" Naye, kwa mshangao na kwa uzee na kwa kuona nyuso za watu aliowabeba mgongoni walipokuwa wachanga, akanyamaza. Watu wakatazamana, wakasema: "Amenyamaza, basi amekubali."

Huu ni mfano, lakini si mfano wa kubuniwa bure. Katika nchi ya Wasukuma wazee wengi, na hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miaka mingi, na wekundu wa macho umekuwa ni ushahidi wa wajinga. Serikali ya Kiingereza iliweka Sheria ya Uchawi mwaka 1928, ambayo ndani yake kumtuhumu mtu uchawi nje ya njia ya sheria ni kosa. Nayo ilibaki baada ya uhuru, lakini mauaji hayakukoma. Kisha ukaja msiba mwingine. Tangu kiasi cha mwaka 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya Ziwa, viungo vyao vikauzwa kwa waganga wa uwongo na kwa watafutao utajiri. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Shinyanga, iliwahukumu watu 4 adhabu ya kifo kwa kumwua mtu mmoja mwenye ualbino wa wilaya ya Bariadi. Wilaya hiyo wakati huo ilikuwa chini ya Shinyanga, kwani mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012.

Basi katika misiba hii miwili mna vimya viwili. Kimoja ni kimya cha yule mwenye kutuhumiwa, nacho watu wamekigeuza kuwa ni kukiri. Cha pili ni kimya cha jirani aliyesikia hatua za watu usiku, akajua ni nani, asiseme. Nacho watu wamekiita busara. Watu wa kijiji wameyapindua mambo: wamemhukumu asiye na kosa kwa kimya chake, na wamemsifu mwenye dhambi kwa kimya chake.

KIMYA CHA MWENYE KUTUHUMIWA

Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, sawa na mwaka 820, ndiye anayenasibishiwa kanuni mashuhuri katika jambo hili, kwamba mwenye kunyamaza hanasibishiwi usemi. Maana yake, mtu asiyesema haifai kumtilia maneno kinywani. Imamu Suyuti ameiweka kanuni hii katika kitabu chake cha kanuni za fikihi, na maulamaa wakatoa mifano. Mmoja wao ni huu: mtu amwona mwenziwe aharibu mali yake, naye aweza kumzuia, akanyamaza. Je, kimya chake ni ruhusa? Jawabu ni la, na mharibifu atalipa. Mfugaji wa Bariadi alifahamu hili upesi: mtu akimchinjia ng'ombe wake mbele ya macho yake, naye kwa bumbuazi asiseme neno, hapana mzee wa kijiji atakayesema kuwa ng'ombe ametolewa zawadi. Ikiwa kimya hakimwondolei mtu ng'ombe wake, vipi kimwondolee roho yake?

Pengine mtu atapinga, aseme: Je, Mtume (S.A.W.) hakufundisha kuwa bikira akitakwa idhini ya ndoa, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake? Naam, amefundisha, na hadithi ni sahihi. Lakini sababu yake imetajwa, nayo ni haya. Bikira huona haya kusema "nataka", wala haoni haya hiyo katika kukataa. Ndipo kimya chake kikafasiriwa kwa upande ulio wa dhahiri. Na juu ya hayo, mafakihi wetu wamesema kuwa akilia kwa kupiga kelele au akajipiga mashavu, hilo si ridhaa. Na mwanamke aliyekwisha kuolewa hapo kabla hatosheki kwa kimya, hana budi atamke. Basi mlango huu ni mwembamba, umefunguliwa kwa dalili, na kwa dalili umefungwa. Haifai mtu kuupanua akaingiza humo damu za watu.

Hata mbele ya kadhi jambo ni hivyo hivyo. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani na bara, ameeleza kuwa mshtakiwa akishikilia kunyamaza asijibu madai, hufanywa kama mwenye kukana aliyekataa kiapo. Zingatia neno hili. Hakufanywa kama mwenye kukiri, bali kama mwenye kukana. Na katika madhehebu ya Shafii kukataa kiapo peke yake hakutoi hukumu. Kiapo humrudia mdai, naye ndiye atakaye kuapa, aichukue dhima yake shingoni. Basi kadhi mwenye kitabu na mashahidi hawezi kuhukumu kwa kimya peke yake. Mpiga ramli aliyeshika kibuyu ataweza kwa haki gani?

Na mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Bibi Maryamu, amani imshukie. Alirudi kwa watu wake amembeba mtoto, wakamtuhumu jambo zito. Naye alikuwa ameamrishwa aweke nadhiri asiseme na mtu siku ile, na Qur'ani ikaiita nadhiri hiyo kwa jina la funga. Hakujitetea kwa neno moja. Aliashiria kwa mkono tu. Lau kunyamaza ni kukiri, basi mwanamke aliye mtakatifu wa wanawake angekuwa amekiri. Hapana Mwislamu awezaye kusema hivyo, wala Mkristo. Basi kila atakayemwona mwanamke aliyetuhumiwa amenyamaza mbele ya watu, na amkumbuke Bibi Maryamu kabla hajafungua kinywa chake.

Waingereza nao walijaribiwa kwa jambo hili. Thomas More, aliyekuwa mkuu wa sheria wa mfalme Henry wa 8, alikataa kula kiapo alichotakiwa, wala hakusema kwa nini. Aliposhtakiwa mwaka 1535 alijitetea kuwa kimya chake hakiwezi kuitwa uhaini, na ikiwa sheria yataka kukifasiri, basi kanuni yao ya kale ni kwamba anyamazaye huonekana ameridhia, si kwamba amepinga. Wakashindwa kumpata kwa kimya chake, hata akaletwa shahidi wa kudai kuwa alisema maneno kadha wa kadha, na kwa ushahidi huo akakatwa kichwa tarehe 6 Julai. Hata wale waliotaka kumwua walijua kuwa kimya peke yake hakitoshi.

KIMYA CHA SHAHIDI

Ama kimya cha jirani mwenye kujua, hicho ni kingine kabisa. Mwenyezi Mungu amekataza kuficha ushahidi, akaeleza kuwa mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Hakusema ulimi, amesema moyo. Kwa kuwa ulimi umetulia, na moyo ndio uliofanya kazi. Na Mtume (S.A.W.) alipofundisha kuwa mwenye kumwamini Mungu na Siku ya Mwisho aseme kheri au anyamaze, ametanguliza kheri mbele ya kimya. Watu wengi huishika nusu ya pili wakaiacha ya kwanza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameandika katika Ihya kitabu kizima juu ya maafa ya ulimi, akasifu kimya sana. Lakini alikisifu mahali ambapo maneno ni upuuzi au usengenyaji, si mahali ambapo damu yamwagwa.

Kuna neno linalotembea vinywani mwa watu, kumfananisha mwenye kuinyamazia haki na shetani bubu. Wengi huliita hadithi, nalo si hadithi. Ni neno la Abu Ali ad-Daqqaq, shekhe wa Imamu Qushayri. Lakini maana yake ni sahihi, na maulamaa wamelipokea.

Na Qur'ani yenyewe imewalaumu watu kwa kimya. Alipozuliwa Bibi Aisha uwongo, Aya zilizoshuka katika Sura ya Nuru hazikuwakemea wazushi peke yao. Ziliwalaumu pia waumini waliosikia wasiseme papo hapo kuwa huo ni uwongo ulio wazi. Basi waliokaa katika baraza ya kijiji, wakasikia mjane atuhumiwa, wakajua ndani ya nafsi zao kuwa ni uwongo, wakatazama chini, Aya hizo zawahusu.

Wasukuma wana yowe la hatari, waliitalo mwano. Likipigwa, kila mwanamume hutoka na silaha yake, na asiyetoka huulizwa. Ni desturi njema ikiwa ni kwa mwizi wa ng'ombe. Lakini ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu huyo huyo, aliyekuwa wa kwanza kutoka kwa ajili ya ndama, hubaki kitandani anaposikia kilio cha ajuza upande wa pili wa ua. Asubuhi huulizwa, naye husema: "Nilikuwa nimelala." Huo si kimya tu, ni uwongo uliovaa nguo ya kimya.

Serikali ililiona jambo hili. Mwezi wa Machi mwaka 2009, katika zama za Rais Jakaya Kikwete, iliendeshwa kura ya siri katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, ili raia waandike katika karatasi majina ya wale wanaowashuku kwa mauaji ya wenye ualbino. Ndani ya kura hiyo mna mafundisho mawili. La kwanza, kwamba watu walikuwa na la kusema, ila walikosa mahali pa kulisema. Maana mtu hapewi karatasi ya siri ila ajulikanapo kuwa aogopa. La pili, kwamba karatasi isiyo na jina la mwandishi yaweza kubeba kweli, na yaweza kubeba chuki ya mpaka wa shamba. Sheria yetu hairuhusu kumhukumu mtu kwa habari ya mtu asiyejulikana. Tumeamrishwa tuipeleleze khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Kwa hiyo karatasi ile ilifaa kuwa mwanzo wa upelelezi, haikufaa kuwa mwisho wake. Na mwandishi aliyeandika jina la mtu asiye na hakika naye, amefanya kama mpiga ramli, ijapokuwa ameshika kalamu.

HOFU

Hapa mwenye insafu atauliza: Vipi mtu maskini, mwenye mke na watoto, nyumba yake ya udongo na mlango wake wa mabati, atasimama kuwataja wauaji wakaao jirani naye? Swali hili si la kudharauliwa. Mtume (S.A.W.) ameweka daraja tatu za kuondoa uovu: kwa mkono, na asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo, na hiyo ndiyo imani dhaifu kabisa. Mwenye kuogopa kuuawa kwa hakika ana udhuru, wala haimpasi mtu aliyekaa mbali na hatari kumlaumu.

Lakini udhuru hupimwa kwa kipimo chake. Hofu ya kuuawa ni udhuru. Hofu ya kuchukiwa na shemeji si udhuru. Hofu ya usiku si udhuru wa mchana, na hofu ya kusema barazani si udhuru wa kutokwenda kwa mtu mwaminifu mwenye madaraka, katika faragha. Na aliyenyamaza kwa kupewa fedha au kwa kuahidiwa sehemu ya shamba la marehemu, huyo hana udhuru hata kidogo. Yeye ni yule wa Langland, ambaye midomo yake ilikuwa na bei. Kadhalika aliyeshindwa kusema juu ya wauaji, je, alishindwa pia kumpelekea ajuza uji? Alishindwa kumsalimu njiani mbele ya watu? Salamu moja ya mtu mzima mwenye heshima, akimwamkia kwa jina lake na kuketi naye mlangoni, hubatilisha ramli nyingi. Hilo nalo ni kusema.

KHATIMA

Muhtasari wa haya ni mambo matatu. Kwanza, kimya ni tendo, na midomo iliyofungwa haionyeshi kilichomo moyoni. Haya ni katika lugha ya Kiingereza na ya Kiarabu na ya Kiswahili pia. Pili, mwenye kutuhumiwa akinyamaza hakukiri. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwenye kudai, ukidai jambo kubwa na mzigo ni mkubwa. Tatu, mwenye kujua akinyamaza wakati haki yamhitajia, kimya chake kimeandikwa juu yake, ila awe na udhuru aujuao Mola wake.

Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo utasikika siku ambayo vinywa vitatiwa muhuri, na mikono itasema, na miguu itashuhudia. Siku hiyo ajuza aliyenyamaza barazani atapata wa kumsemea, na jirani aliyelala hali yu macho atataka kunyamaza, asiweze.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifungue ndimi zetu katika haki, na azifunge katika dhulma, na awahifadhi wanyonge wa nchi hii, wazee wao na watoto wao. Wallahu aalam.